Mrindoko na Maji Yaliyokataa Kuitwa

Maji hayafuati fimbo, hufuata jembe.

Ndiyo, methali hiyohiyo aliyotupiwa mwenyekiti wenu asubuhi kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja, mpaka akanuna. Wenzake wameinama wanazibua mfereji, tope hadi magotini, yeye kasimama ukingoni na filimbi mdomoni, "Haya vijana, haya vijana!" Mzee mmoja akamwambia maneno hayo, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Sasa mmekuja kwa bibi yenu kuuliza. Mmefanya vema. Lakini mikono isikae bure. Vuteni hayo mahindi tupukuchue huku nikisema. Na mtu asinikatize, maana nikikatizwa mimi huacha palepale.

Methali yenyewe ilizaliwa hivi.

Huko juu milimani kulikuwa na kijiji kikiitwa Irangwe, na watu wake waliishi kwa mfereji mmoja. Mfereji ulitoka mtoni ukamwaga maji ndani ya ndiva, yaani lile bwawa la mawe na udongo ambamo maji hulala usiku kucha yakijaa. Asubuhi kizibo huondolewa, maji yakateremka mashambani, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwenye kusema leo ni zamu ya nani alikuwa mgawa maji.

Mgawa maji alikuwa na fimbo ya mpingo, nyeusi ti, yenye pete ya shaba kichwani. Kila alfajiri aligonga jiwe la ndiva kwa fimbo ile, ngo! ngo!, na vijana waliojiinamia huko chini wakavuta kizibo cha majani na tope, maji yakatoka. Sasa niambieni, mtoto aliyesimama mbali anaona nini? Vijana hawaoni, kizibo hakioni. Anaona fimbo imegonga na maji yametoka. Akikua bila kuambiwa, ataapa kwa mizimu yote kwamba fimbo ndiyo iliyotoa maji.

Ndivyo alivyokuwa Mrindoko. Baba yake, Kangero, alikuwa mgawa maji, akafa kabla hajamfundisha mwanawe hata kushika jembe. Mrindoko akarithi fimbo akiwa hajui kitu kingine. Mikono yake ilikuwa laini, na majivuno yake, loo! Ukikutana naye njiani ilibidi umsalimu yeye, kisha uisalimu na fimbo. Kulikuwa na mjane mmoja, Naetwe, mwenye shamba la magimbi mwisho kabisa wa mfereji. Siku moja alipita na mzigo wa kuni kichwani, akamwamkia Mrindoko, fimbo akaisahau. Basi zamu yake ikarukwa. Alipokwenda kuuliza, Mrindoko akamjibu, "Maji yamekukasirikia." Magimbi ya mama wa watu yakanyauka.

Masika ya mwaka ule ardhi ilitetemeka. Ubavu wa mlima uliporomoka, mdomo wa mfereji ukazikwa, na mto wenyewe ukageuka kuelekea korongo la upande wa pili. Watu waliamka wakakuta ndiva imebaki tope, na baada ya muda mfupi hata tope likapasuka. Wazee wakamwita Mrindoko.

"Mwanetu," akasema Mzee Senzighe, aliyekuwa mkubwa wao, "siku zote umetuambia maji yanakusikia. Yaite basi."

Mrindoko akagonga jiwe. Akagonga tena kwa nguvu, akapiga kelele, akatukana, akabembeleza. Pete ya shaba ikachomoka ikaanguka ndani ya tope. Watu wote wanatazama, hakuna anayecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Wazee wakakata shauri. Mwezi ukiandama kabla maji hayajarudi, kijiji kizima kitashuka kuhamia nyikani. Sasa njia ya kwenda nyikani ilipita kwenye genge, mahali ambapo mtu hushuka kwa mikono na miguu kama kima, na hapo huwezi kumbeba mtu mgongoni. Na mama yake Mrindoko, Bibi Nakijwa, miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Hakutembea ila kwa kujiburuta.

"Msinitazame hivyo," alisema yule mama wakati watu walipoinamisha vichwa. "Nendeni. Mimi nitakaa na marehemu wangu."

Mrindoko akaona giza. Kumwacha hawezi. Kukaa naye pasipo maji ni kumtazama akifa. Akapiga magoti mbele yake. "Mama, mwezi hautaandama kabla sijaleta maji. Nakuapia."

"Usiniapie," mama akasema. "Nenda."

Akaenda. Akavuka ule mgongo mrefu wa kilima uliotenganisha kijiji na mto, akapita msitu wa ukungu ambao watu hawaingii bila ruhusa, akapanda mpaka pale ambapo mto huzaliwa. Akakuta chemchemi pana, maji yake maangavu, na katikati yake jiwe kubwa lenye ukubwa wa paa la nyumba, limeota kuvu na majani mgongoni. Mrindoko akaukanyaga ukingo wake, akainua fimbo. "Maji, mimi ni mgawa maji wa Irangwe, mwana wa Kangero. Nawaamuru mrudi nyumbani!"

Jiwe likafumbua macho.

Hakuwa jiwe. Alikuwa kaa, wale kaa wa mitoni mnaowakamata mkiwa wadogo, ila huyu alikuwa mkubwa kupita kiasi, na mzee kupita mlima. Watu wa kale walisema kila chemchemi ina kaa wake, akiuawa chemchemi hukauka. Huyu ndiye aliyekuwa mama yao.

"Ondoa mguu wako usoni mwangu," akasema yule kaa.

Mrindoko akaanguka chali majini. Kaa akacheka, povu likamtoka. "Eti unaamuru! Maji haya nimeyalea kabla babu wa babu yako hajaota meno. Hebu nione hicho unachoamrishia." Akanyoosha gando, akaichukua fimbo, akaigeuza huku na huku. "Nzuri. Inafanya nini?"

"Inaita maji."

"Haya, tumesikia imeita. Maji yenyewe hayajasikia." Kisha, kwach! Gando likaikata fimbo. Mrindoko akapiga ukemi kama aliyekatwa mkono. Kaa akamrudishia kipande kilichobaki, urefu wa mpini wa jembe. "Nisikilize, mwana wa Kangero. Nyinyi ni jirani zangu, sina kinyongo nanyi. Maji nitakupa. Yatakufuata wewe mpaka kwenu, lakini pale ambapo jembe lako halijapita, hayatapita. Hicho kipande sasa kina kazi. Kitafutie chuma."

Mrindoko akarudi kijijini na mpini usio na jembe. Akaomba nyumba kwa nyumba. Kila mwenye jembe alikuwa analihitaji, ama alisema analihitaji. Aliyempa ni Naetwe. Hakumkaribisha ndani. Alitoa jembe la zamani, lililolika pembeni, akalitupa chini mbele ya miguu yake. "Utalirudisha," akasema, akafunga mlango.

Sasa hapa ndipo alipofanya kosa, na ni kosa la watu wa Irangwe hasa, maana kwao njia yoyote huanzia mlangoni. Ukitaka kwenda shamba jipya, unaanza kufyeka njia kwenye kizingiti chako. Basi Mrindoko akaanza mfereji kwenye ndiva. Akachimba kupanda, moja kwa moja kuuelekea mgongo wa kilima, kila mtu akimwona. Mbona ilipendeza! Mgawa maji anatoka jasho! Kabla jua halijawa kali vijana wakaja na majembe, akina mama wakaja na vibuyu vya uji, msaragambo ukachangamka kwa nyimbo. Na Mrindoko, kwa kuwa mazoea yana taabu, akaacha kuchimba, akasimama mbele akiwaonyesha wenzake kwa mpini wake, hapa, pale, nyoosheni. Mfereji ukanyooka kweli. Ulipanda kilima, ukavuka mgongo, ukashuka kidogo upande wa pili kuitafuta chemchemi.

Jicho mlimani ni mwongo. Ukiwa chini, chemchemi huonekana iko juu ya mgongo ule. Walipoifikia wakakuta iko chini. Mdomo wa mfereji wao ulining'inia juu ya maji kwa kimo cha mtu mzima. Wakasimama pale wakitazama chini. Kijana mmoja akaweka jembe begani akaanza kurudi, mwingine akamfuata, na mwishowe wote wakaondoka. Mzee Senzighe peke yake alimshika Mrindoko bega. "Kaa na mama yako siku zilizobaki, mwanangu," akasema, naye akaenda.

Mrindoko akakaa chini akalia. Alilia kweli, kwa sauti, kamasi zikamtoka. Alilia kwa ajili ya mama yake, na kwa aibu pia, na kwa malengelenge yaliyopasuka viganjani.

Kaa akatoka majini akaja kumtazama.

"Umenidanganya," Mrindoko akasema. "Ulisema maji yatanifuata."

"Yatakufuata, ndiyo. Atakayefuatwa huanzia wapi? Wewe ulikwenda ukaanzia huko kwenu, ukawa unachimba ukiyajia maji. Yangekufuataje, na wewe unakuja?"

"Kwetu njia huanzia mlangoni."

"Njia ya miguu. Miguu hupanda. Maji yana miguu?"

Mrindoko akafuta uso kwa kiwiko. "Nianzie hapa, basi?"

"Anzia hapa. Chimba kidogo, yaache maji yaingie, yatazame. Yakisimama, umekwenda juu mno. Yakikimbia na kukokota udongo, umekwenda chini mno. Yakitembea kama mama mwenye mtungi kichwani, hapo sawa, chimba tena. Usiyaambie kitu. Yenyewe ndiyo yatakayokuambia."

"Na ule mgongo wa kilima? Nitauvukaje?"

Kaa akaanza kuondoka, upande upande, kama mjuavyo, akiambaa ubavu wa mlima bila kupanda wala kushuka. Akafika mbali, akageuza macho. "Mimi tangu nizaliwe sijawahi kutembea kwa kunyooka," akasema. "Na hakuna mahali nilikotaka kwenda nisifike."

Mrindoko akatazama njia ile. Ilizunguka mlima mzima. Ilikwenda mbali na nyumbani kabla ya kuanza kurudi nyumbani. Akahesabu moyoni siku zilizobaki, akaona hazitoshi. Akatema mate viganjani, yakamchoma, akainua jembe.

Akachimba. Wanangu, mtu yule alichimba! Alichimba mpaka mikono ikatoka damu, damu ikakauka, ngozi ikawa ngumu. Alichimba kwa kurudi nyuma, akiyatazama maji, nayo yakimfuata nyayoni. Mwanzoni aliyafokea yaliposimama. Baadaye akanyamaza. Yakisimama, alisimama nayo, akachuchumaa, akaweka kiganja ndani, akafukua kidogo upande wa chini, yakaendelea. Watu waliokuwa wakichanja kuni upande ule walimwona akizidi kwenda mbali na kijiji, wakarudi na habari kwamba Mrindoko amepata wazimu, anapeleka maji kusikojulikana. Mama yake alipoambiwa alisema tu, "Bado anachimba?" Wakasema ndiyo. "Basi," akasema.

Alikuwa amezunguka pembe ya mlima, ameanza kurudi upande wa nyumbani, alipofikia mwamba. Mwamba mpana, umelala njiani kama ng'ombe. Jembe lilitoa cheche. Akauzungukia juu, maji yakagoma. Akauzungukia chini, yakamwagika bondeni. Alikuwa amekaa mbele yake, hana la kufanya, alipomwona Naetwe anakuja na kisu cha kukatia kuni kiunoni.

"Nimekuja kuchukua jembe langu," Naetwe akasema. "Kesho tunahama."

Mrindoko akasimama akampa. Hakubisha. "Chukua, dada. Ni lako." Kisha akasema, "Na siku ile nilikunyima maji kwa sababu ya salamu. Maji hayakukukasirikia. Ni mimi. Nilikuonea, nisamehe."

Naetwe alikuwa anatazama nyuma ya Mrindoko. Maji yalikuwa pale, yametulia kwenye mfereji, yanagusa visigino vya Mrindoko. Akafuata kwa macho ule mfereji unavyoambaa ubavu wa mlima, haupandi haushuki, mpaka ukapotea kwenye pembe.

"Mwamba haupigwi jembe," Naetwe akasema. "Mwamba hupikwa. Kakusanye kuni."

"Kuni kiasi gani?"

"Nyingi! Unasimama nini?"

Na Mrindoko, mgawa maji wa Irangwe, akakimbia kutafuta kuni. Wakawasha moto mkubwa juu ya mwamba, wakauacha uchome mpaka jiwe likawa jekundu. Naetwe akachota maji kwa kibuyu akamwaga. Mwamba ukalia kwa! ukapasuka. Wakang'oa vipande kwa mikono, wakawasha tena, wakamwaga tena. Ulipopatikana upenyo, maji yakapita kwa aibu aibu, yakanusa udongo wa upande wa pili. Naetwe akalishika jembe akachimba, Mrindoko akabeba mawe. Alipochoka mmoja, akashika mwingine. Jua lilitua, likachomoza, nao bado wanachimba.

Asubuhi ile watu wa Irangwe walijitwika mizigo. Waliingia mmoja mmoja kwa Bibi Nakijwa kumuaga. Wengine walimshika mikono tu. Wakamwachia kibuyu cha mwisho cha maji. Walipokwisha kuondoka alijiburuta mpaka kwenye ndiva, akakaa juu ya ukuta wake, miguu ile mifu ikining'inia ndani palipokuwa pakavu. Kibuyu hakukigusa. Alisema moyoni, mwanangu akija atakuwa na kiu.

Alisikia jembe kwanza. Lilikuwa polepole, lina pumzi ya mtu aliyechoka. Akageuza uso. Ukingoni mwa kilima, kule ambako mfereji wowote wa wahenga haujawahi kupita, alimwona mtu anarudi kinyumenyume ameinama, na mwanamke pembeni yake anasukuma mawe kwa miguu. Yule mtu hakumwona. Alikuwa anayatazama maji.

"Mrindoko!" akaita.

"Subiri, mama," mtu yule akajibu bila kuinua kichwa. "Hapa yanataka kukimbia."

Akafukua, akapapasa, akafukua. Ukuta wa ndiva ukatobolewa kwa pigo la mwisho, na maji yakaingia. Yalitandaa polepole juu ya tope lililopasuka, yakajaza nyufa, yakapanda, yakafunika nyayo za Bibi Nakijwa. Hakuyahisi, kwa ile ganzi. Lakini aliyaona, akapiga kigelegele kimoja kirefu. Naetwe akakidaka, akakitupa bondeni. Huko gengeni watu wakasimama na mizigo yao kichwani, wakatazamana.

Walirudi mbio. Wengine walivua mizigo njiani wakaiacha hukohuko. Waliruka ndani ya ndiva na nguo zao, watoto kwa wazee, wakanywa, wakamwagiana, wakalia. Mzee Senzighe akawanyamazisha. Alikuwa na fimbo yake ya kutembelea, nzuri, ya mti mgumu, aliyopewa na baba yake. Akamfuata Mrindoko ambaye alikuwa amerudi kushika jembe.

"Mwana wa Kangero," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "fimbo yako imekatika. Pokea hii yangu. Simama juu ya jiwe uyagawe maji, nasi tukuamkie."

Watu wakaitika kwa furaha. Mrindoko akaitazama ile fimbo. Kisha akatazama chini ya ndiva, kule ambako mfereji wa mashambani ulikuwa umezibwa na vumbi na magugu tangu maji yapotee. Mwisho kabisa wa mfereji ule palikuwa na shamba la Naetwe.

"Ahsante, mzee," akasema. "Utahitaji kuitembelea wewe. Mimi kazi yangu haijaisha, maji hayajafika kwa Naetwe."

Akashuka ndani ya mfereji mkavu, akainama, akaanza kuzibua. Mzee Senzighe akabaki ameshika fimbo yake, hajui aiweke wapi.

"Lakini si uyaamrishe tu?" akauliza. "Maji si ni yako sasa?"

Mrindoko akacheka, bila dharau, kicheko cha mtu aliyechoka sana. Akajibu akiwa ameinama vilevile, na jembe halikusimama:

"Mzee wangu, maji hayafuati fimbo, hufuata jembe."